Njia za Kumpa Mtu Pumzi Kabla ya Kufika Hospitali

Wasomaji wetu, mtu aweza kukaa siku nyingi bila kula, na siku chache bila kunywa. Lakini akikosa pumzi hana muda. Ubongo usiopata hewa njema huanza kuharibika katika dakika chache tu, na ulioharibika haurudi kuwa kama ulivyokuwa, hata kama moyo utaamshwa baadaye. Kwa hiyo mtu aliyezama majini, au aliyeanguka ghafula moyo wake ukasimama, au aliyeumia kichwa katika ajali ya gari, mara nyingi kufa kwake au kupona kwake huamuliwa njiani, kabla hajafika mlango wa hospitali.

Katika makala hii twataka kueleza njia zitumiwazo kumpa pumzi mtu wa namna hiyo, na kuzilinganisha, tujue kila moja ina faida gani na ina hatari gani. Jambo hili ni la waganga, lakini lawahusu vile vile wazee wa vijiji na walimu, maana wao ndio huulizwa: Fedha zetu ni chache, je, tununue chombo gani kwa zahanati yetu? Nani afundishwe, na afundishwe nini? Mwenye kujibu maswali hayo bila kujua aweza kununua kitu cha thamani kubwa kisichookoa mtu.

Kwanza yapasa kuijua njia ya pumzi jinsi ilivyo. Hewa huingia kwa pua na kwa kinywa, ikafika kooni, na hapo njia hugawanyika mbili. Ya mbele ni bomba la pumzi, liendalo mapafuni. Ya nyuma ni umio, uendao tumboni. Juu ya bomba la pumzi pana kifuniko kidogo, nacho hulifunika wakati tumezapo chakula. Mtu mwenye fahamu hulinda njia yake bila kufikiri: akipaliwa hukohoa. Mtu aliyezimia hulegea mwili wote, pamoja na ulimi. Akilala chali taya lake hurudi nyuma, ulimi huanguka, na koo huzibwa kama shingo ya chupa iliyotiwa kizibo. Tena matapishi yakipanda kutoka tumboni hapana kikohozi cha kuyazuia, nayo humwagika mapafuni.

Basi kazi za mwokozi ni tatu: kuifungua njia, kuingiza hewa mapafuni, na kuzuia hewa na matapishi yasipotee njia. Msomaji azishike kazi hizi tatu moyoni, kwa sababu kila njia tutakayoitaja yapimwa kwa hizo.

Zamani kazi ya kwanza haikufikiriwa sana. Mwaka wa 1903 Profesa Edward Schafer wa Edinburgh alifundisha watu kumlaza kifudifudi mtu aliyezama, kumkandamiza mgongoni, kisha kumwachia, mara nyingi kwa kufuatana. Mwaka wa 1932 Holger Nielsen, ofisa wa jeshi la Denmark, aliongeza kuinua mikono ya mgonjwa baada ya kumkandamiza. Njia hizo zilienea katika nchi nyingi, zikafundishwa kwa bidii. Hitilafu yake ilikuwa moja: zilishughulika na kifua, wala hazikuhakikisha kuwa koo li wazi. Mhunzi akivukuta mivukuto ambayo mdomo wake umejaa udongo, mikono yake itachoka na moto hautawaka.

Mwaka wa 1954 James Elam wa Marekani alionyesha ya kuwa pumzi itokayo kinywani mwa mtu mzima yatosha kumhifadhi mwingine. Hewa tuivutayo ina oksijeni kama sehemu 21 katika 100. Tuitoayo bado ina 16 au 17, maana mwili hauitumii yote. Kisha Peter Safar, daktari wa Baltimore, aliwajaribu watu waliojitolea, waliolazwa usingizi na kupewa dawa ya kulegeza mwili hata wasiweze kupumua wenyewe. Akaona ya kuwa njia za kukandamiza mara nyingi hazikuingiza hewa hata kidogo, kwa kuwa koo lilizibwa. Bali kichwa kikielekezwa nyuma na mtu akapulizwa kinywani, hewa iliingia ya kutosha, hata mpulizaji asipokuwa mganga. Habari hizo zilitangazwa mwaka wa 1958, na tangu hapo njia za kale ziliachwa pole pole.

Siku hizi njia ni nne, nazo ni kama vipandio vya ngazi. Kadiri mtu apandavyo ndivyo chombo kiwezavyo kufanya mengi zaidi, na ndivyo kitakavyo ustadi zaidi na muda zaidi.

Njia ya kwanza ni mkono na kinywa. Mgonjwa hulazwa chali. Mwokozi huweka mkono mmoja juu ya paji la uso na kukielekeza kichwa nyuma, na kwa vidole viwili vya mkono wa pili hukiinua kidevu. Ulimi huinuka pamoja na taya, na koo hufunguka. Iwapo yadhaniwa kuwa shingo imevunjika, kichwa kisipindwe. Vidole viwekwe nyuma ya pembe za taya, na taya lisukumwe mbele. Mtoto mchanga kichwa chake kisipindwe nyuma sana, kiwe sawa tu, maana shingo yake ni laini. Kisha mwokozi huibana pua ya mgonjwa, hukifunika kinywa chake kwa kinywa, na kupuliza kwa muda wa sekunde moja, huku akitazama kifua kinavyoinuka. Mtoto mchanga hufunikwa kinywa na pua pamoja. Kifua kikiinuka, yatosha. Kupuliza kwa nguvu zaidi hupeleka hewa tumboni na kuleta matapishi.

Hapa yafaa kutofautisha namna mbili za msiba. Mtu mzima aliyekuwa na afya kisha moyo wake ukasimama ghafula, damu yake ingali na oksijeni ya dakika chache. Lililo kubwa kwake ni kukandamizwa kifua kwa nguvu na upesi, na asiyefundishwa kupuliza na akandamize tu bila kuacha. Lakini mtu aliyezama, na mtoto mdogo, kwa kawaida moyo wao husimama kwa sababu pumzi ilikoma kwanza. Hao hawapati faida ya kutosha bila pumzi. Aliyefundishwa hukandamiza mara 30, kisha hupuliza mara 2, na kurudia. Wavuvi wa Ziwa Viktoria na wa pwani yetu walikumbuke sana jambo hili, maana kwa aliyezama pumzi hutangulia: hupulizwa kwanza, ndipo akandamizwe.

Njia ya pili ni mfuko na barakoa. Mfuko huu ni mpira unaojijaza hewa wenyewe kila uachiliwapo. Ulitengenezwa Denmark na daktari Henning Ruben pamoja na mhandisi Holger Hesse, ukaanza kuuzwa mwaka wa 1956, na kwa jina la Ambu wajulikana na waganga wengi. Barakoa hukaa juu ya pua na kinywa; mfuko ukibanwa, hewa huingia, nayo yaweza kuongezwa oksijeni. Ukiuona utadhani ni kazi nyepesi. Sivyo. Mkono mmoja wapaswa kuibana barakoa isivuje kwa kidole gumba na cha shahada, na wakati uo huo vidole vitatu vilivute taya juu, huku mkono wa pili ukiubana mfuko. Aliye peke yake huchoka upesi, hewa ikavuja kando au ikaenda tumboni. Dawa yake ni kuwa wawili: mmoja aishike barakoa kwa mikono miwili, mwingine abane mfuko. Tena mfuko wa mtu mzima wachukua hewa nyingi kuliko ihitajiwayo. Karibu nusu lita yatosha, basi usibanwe wote.

Njia ya tatu ni kinga ya koo. Mwaka wa 1981 daktari Archie Brain wa London alibuni barakoa ndogo inayopitishwa kinywani mpaka ikaketi juu ya mlango wa bomba la pumzi. Haiingii ndani ya bomba. Hulikalia kwa juu, kama chungu kinavyokalia mafiga. Tangu hapo vimetengenezwa vyombo vingine vya jamii hiyo. Faida yake ni kwamba mtu hutiwa kwa sekunde chache, bila kutazama ndani ya koo, na mkono wa mwokozi huwa huru. Hasara yake ni kwamba haizuii matapishi kabisa, wala haikai vyema katika kila koo. Tena haitiwi mtu ambaye bado akohoa au ataka kutapika akiguswa kooni.

Njia ya nne ni mrija wa bomba la pumzi. William Macewen wa Glasgow aliupitisha kwa kinywa cha mgonjwa wa upasuaji mwaka wa 1878, na tangu zamani hizo waganga wa usingizi wameuona kuwa mkubwa wa njia zote. Mwokozi hufungua kinywa kwa chombo chenye taa, huutafuta mlango wa bomba, na kuuingiza mrija ndani yake. Mrija una puto dogo lijazwalo hewa, nalo huziba pembeni, hata matapishi hayapiti kwa wepesi. Kwa hiyo ukikaa mahali pake wafanya kazi zote tatu kuliko chombo kingine chochote.

Lakini neno ni hilo: ukikaa mahali pake. Mlango wa umio u nyuma tu ya mlango wa bomba, na katika giza, damu na matapishi, mtu aweza kuukosea. Mrija ulioingia umio bila kutambuliwa hupeleka kila pumzi tumboni, na mgonjwa hufa huku watu wakidhani wanamsaidia. Ndiyo maana haufai kutumiwa pasipo chombo cha kupima hewa chafu itokayo mapafuni, kinachoonyesha kama kweli mrija umefika. Tena kuutafuta mlango kwachukua muda, na mara nyingi watu huacha kukandamiza kifua wakingoja mrija uingie.

Kwa miaka mingi waganga walishindana maneno: Je, mrija uliowekwa njiani huokoa watu wengi kuliko mfuko na barakoa? Hesabu za kwanza zilidanganya, kwa sababu mgonjwa aliyezinduka mapema hakutiwa mrija, na aliyetiwa ndiye aliyekuwa mahututi zaidi. Kulinganisha watu kama hao si haki. Ikapasa wagawanywe bila kuchaguliwa.

Jaribio kubwa la namna hiyo lilifanywa katika wilaya za Los Angeles na Orange, Marekani, kati ya mwaka wa 1994 na 1997, kwa watoto 830 wa umri wa miaka 12 au chini yake. Siku za tarehe witiri watoto walipewa mfuko na barakoa tu. Siku za tarehe shufwa waliruhusiwa kutiwa mrija. Habari zilitangazwa mwaka wa 2000. Waliopona kwa mfuko walikuwa 30 kwa mia. Upande wa mrija 26 kwa mia. Tofauti hiyo yaweza kuwa ya bahati tu, lakini yaonyesha wazi ya kuwa mrija haukuleta faida iliyotazamiwa.

Mwaka wa 2018 yalitangazwa majaribio matatu ya watu wazima waliosimama moyo nje ya hospitali. Uingereza, wagonjwa zaidi ya 9,000 waligawanywa kati ya mrija na kinga ya koo iitwayo i-gel. Waliotoka wakiwa na akili na nguvu za kutosha walikuwa 6.4 kwa mia kwa kinga, na 6.8 kwa mia kwa mrija. Yaani ni sawasawa. Marekani, katika wagonjwa 3,004, chombo kingine cha jamii ya kinga, ambacho ncha yake huziba umio, kililinganishwa na mrija. Walioishi saa 72 walikuwa 18.3 kwa mia kwa chombo hicho, na 15.4 kwa mia kwa mrija. Huko mrija uliingia vizuri katika jaribio la kwanza kwa nusu tu ya wagonjwa, kwa hiyo haishangazi kwamba ulishindwa. Ufaransa na Ubelgiji, mahali ambapo madaktari wenyewe hupanda magari ya wagonjwa, watu 2,043 walipewa mfuko au mrija. Waliopona bila kuharibika ubongo walikuwa 4.3 kwa mia kwa mfuko na 4.2 kwa mia kwa mrija. Lakini matapishi yalipanda kwa watu 15 katika mia upande wa mfuko, na kwa 7 au 8 upande wa mrija, na wenye jaribio walisema kwamba halikutosha kukata shauri.

Msomaji aweza kuuliza, Basi njia iliyo bora ni ipi? Jibu lapatikana katika kuzitazama hesabu hizo pamoja. Mrija mikononi mwa daktari aliyeuzoea haukushindwa na mfuko, na ulizuia matapishi vizuri zaidi. Mrija mikononi mwa wasioutumia mara kwa mara ulipitwa na chombo chepesi. Kwa hiyo wakuu wa elimu hii huko Ulaya wametoa shauri ya kuwa mrija utumiwe na wale tu ambao, katika wagonjwa 100, huuingiza kwa zaidi ya 95 bila kuzidi majaribio mawili. Asiyefikia kipimo hicho na atumie kinga ya koo, au mfuko. Ubora wa njia hauko katika chombo peke yake. Wategemea chombo pamoja na mkono ukishikao.

Huenda mtu akasema, Hayo ni ya nchi zenye magari ya wagonjwa. Kwetu Afrika ya Mashariki je? Twaweza kujibu kwa mfano wa watoto wachanga, ingawa wao hupewa pumzi mahali pa kuzalia. Tanzania, wakunga katika hospitali nane walifundishwa kumkausha mtoto asiyelia, kumchangamsha kwa kumsugua, na asipopumua kumpa hewa kwa mfuko na barakoa katika dakika ile ile ya kwanza. Habari zilizotangazwa mwaka wa 2013 zilionyesha kuwa vifo vya watoto katika saa 24 za kwanza vilipungua kwa 47 kwa mia. Kisha Kampala, Uganda, wakunga walijaribu kinga ndogo ya koo badala ya barakoa ya uso kwa watoto wachanga 1,154. Habari zake zilitangazwa mwaka wa 2020. Waliokufa mapema au kuumia ubongo walikuwa 27.4 kwa mia kwa kinga, na 24.4 kwa mia kwa barakoa, tofauti isiyoweza kuhesabiwa kuwa kitu. Twaona basi ya kuwa mafundisho yaliokoa wengi kwa chombo cha zamani, na chombo kipya hakikuongeza wokovu juu ya mafundisho mema.

Kwa hiyo, wazee na walimu, mtakapoulizwa habari ya vyombo, ulizeni kwanza habari ya watu. Katika kijiji ambacho hospitali i mbali, na wapatikane watu kadhaa wajuao kufungua koo na kupuliza kinywani: wavuvi, madereva, walimu, na wanafunzi wakubwa. Mafunzo hayo hayahitaji kununua mengi. Katika zahanati na katika gari la wagonjwa, uwepo mfuko wenye barakoa za ukubwa mbalimbali, ya mtu mzima, ya mtoto, na ya mtoto mchanga, maana barakoa isiyolingana na uso huvuja, nayo ni sawa na kukosa. Kando yake kiwepo chombo cha kufyonza matapishi na damu. Wauguzi wazoezwe wawili wawili juu ya sanamu ya mafunzo, tena warudie kila baada ya miezi michache, maana mkono husahau upesi kuliko kichwa. Mambo hayo yakithibitika, ndipo ifikiriwe kinga ya koo. Mrija uachiwe wale wautumiao mara kwa mara, wenye chombo cha kuhakikisha mahali ulipo.

Na mtu aliyezimia lakini angali akipumua vema asipulizwe wala asitiwe kitu kooni. Na alazwe kwa ubavu, kichwa kikielekea nyuma kidogo na kinywa kikielekea chini, ulimi usimzibe na matapishi yatoke nje. Akae hivyo akilindwa na mtu mmoja asiyeondoka, amtazame kifua mpaka msaada ufike. Na pumzi ikikoma, ageuzwe chali upesi na kazi ianze.